Vifuu vya nazi ndani ya mtambo wa ITER
Makala yenu imeeleza kwamba pampu za ITER, mtambo wa majaribio ya kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomi unaojengwa Cadarache nchini Ufaransa, zitavuta gesi kama mota inavyovuta maji kisimani. Kwa heshima, sivyo. Pampu hizo za baridi kali hazivuti kitu: molekuli huranda zenyewe ndani ya chumba chenye mita za ujazo 1,400 hivi, na zile zinazofika kwenye mabamba yaliyopozwa hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri hunaswa papo hapo.

Ugumu uko kwenye heliamu, ambayo huzaliwa deuteriamu na tritiamu (aina mbili za hidrojeni ambazo ndizo fueli ya mtambo) zinapoungana na ambayo sharti iondolewe mfululizo isije ikazimua fueli, kwani katika shinikizo dogo la humo haigandi hata kwa baridi hiyo. Ndiyo maana mabamba hupakwa mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno, na mkaa uliochaguliwa ni wa vifuu vya nazi, vile vile ambavyo sisi wa Malindi tukishakuna nazi huvitupa nyuma ya jiko au kuvichochea motoni (ingawa si kila mkaa wa kifuu utafaa kazi hiyo). Inashangaza kwamba gazeti linalosomwa Pwani limeliruka jambo hili.

Aidha, mkaa hushiba. Pampu hufungwa kwa zamu na kupashwa joto ili ziachie gesi, na si kwa sababu ya nafasi tu: hidrojeni ikilimbikizana humo, kisha hewa ikapenya kwa ajali, mchanganyiko huo waweza kulipuka.