Ukilipwa kwa neno, utanenepesha sentensi

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda yasivuke mpaka. Sababu ilikuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Zuio lenyewe halikudumu. Siku chache tu mpaka ukafunguliwa, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mimi nimekulia Malaba, mji wa Uganda ulio mpakani na Kenya, najua maana ya lori la mahindi kulala barabarani: dereva anakula kwa mkopo, tanboi analala juu ya magunia, na mwenye mzigo anapiga simu kila saa huku wingu linazidi kuwa jeusi.

Baadaye mwaka ule shirika moja likanipa kazi. Walitaka kipeperushi cha Kiswahili cha kuwaeleza wachuuzi wa mpakani namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi. Nikaletewa kurasa nne za Kiingereza, maneno kama 1,400, na bei: shilingi 100 za Uganda kwa neno. Nikafurahi. Shilingi 140,000 kwa kazi ya siku mbili, nimeketi nyumbani kwangu Kireka, kando ya Kampala, na chai yangu, nilidhani nimepata.

Nikatafsiri yote. Ilikuwa wikendi ya kwenda kumwona mama, basi nikachapisha nakala moja nikashuka nayo Malaba. Jirani yetu pale ananunua mahindi kwa wakulima wa Tororo na kuyauza kwa wenye malori, na hiyo ndiyo kazi iliyosomesha watoto wake wote. Nikamkuta barazani kwenye mizani yake, nikamwomba nimsomee. Akakubali. Sentensi ya kwanza ya maana ilikuwa hii:

"Ni muhimu kuhakikisha kwamba mahindi yamekaushwa hadi kufikia kiwango cha unyevu kisichozidi asilimia 13.5 kabla ya kufanyika kwa zoezi la uhifadhi."

Alinisikiliza mpaka nukta. Kisha akachota mahindi kwenye gunia lililokuwa wazi, akaninyooshea kiganja. "Hiyo asilimia, mwanangu, naionea wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Sentensi haikuwa na kosa hata moja. Ngeli zote zilikaa sawa, mwalimu wangu wa sekondari angenipa alama zote. Na haikumfaa kitu mtu aliyekuwa ameshika mahindi mkononi. Yeye hupima kwa jino: punje ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikibonyea, bado. Ndiyo mashine aliyonayo.

Mle mle kwenye kurasa nne nilizotafsiri kulikuwa na njia ya kupima unyevu kwa chupa na chumvi, imesukumwa ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nilikuwa nimeitafsiri bila hata kuiona. Usiku ule nikaketi mezani kwa mama nikaanza upya, safari hii nikiwa na kile kiganja mbele ya macho yangu. Ikatoka hivi:

"Usiingize mahindi stoo kabla hujayapima. Chukua chupa ya glasi, iwe safi na kavu. Tia chumvi kavu kiasi cha kujaza kiganja, kisha tia mahindi mpaka nusu ya chupa. Funga. Tikisa dakika mbili au tatu, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, si kwenye udongo. Chumvi isiponata, usiharakishe: yaanike tena, kisha upeleke kidogo kwa mwenye mashine ya kupima kabla ya kufunga magunia."

Hilo la mwisho nililiongeza kwa sababu chumvi haiwezi kukuonyesha asilimia 13.5. Inayakamata mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi, basi. Nikimwambia mchuuzi "yako tayari", nitakuwa nimemdanganya kwa lugha nyepesi, na lugha nyepesi inayodanganya ni mbaya kuliko nzito. Wengi wanadhani kuandika kwa urahisi ni kupunguza ukweli. Kumbe ni lazima uujue ukweli vizuri zaidi, maana huna tena neno kubwa la kujifichia.

Asubuhi nikamsomea tena. Katikati akanikatiza, akamtuma mjukuu wake dukani alete chumvi.

Kipeperushi kizima kilifika maneno 130. Piga hesabu mwenyewe. Tafsiri ile ya kwanza, isiyomsaidia mtu, ilikuwa inanipa shilingi 140,000. Hii iliyomfanya mama wa watu atume chumvi ilikuwa inanipa 13,000. Nauli ya kwenda na kurudi Malaba peke yake inaishinda.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimeligombania tangu siku hiyo: namna unavyolipwa inaingia ndani ya sentensi zako. Ukilipwa kwa neno, kila neno unalolifuta umejikata mfukoni. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, mkono wako utajifunza kuandika "kufanyika kwa zoezi la uhifadhi" pale ambapo "kuhifadhi" kungetosha, kwa sababu maneno matano yanalipa mara tano. Tunashangaa kwa nini vipeperushi na mabango ya Kiswahili nchini mwetu yamevimba, na hatutazami ankara zilizoyazaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuboresha mtindo wake hauhusu sarufi. Unahusu bei. Toza kwa kazi. Kipeperushi kimoja bei hii, tangazo la redio la nusu dakika bei hii, makala ya kurasa mbili bei hii, na ndani ya bei weka siku za kusikiliza na siku za kukata. Mteja akikuuliza kwa nini maneno machache yanagharimu hivyo, msomee ya kwanza, kisha msomee ya pili. Msomee kwa sauti, uso kwa uso au kwa simu. Usimtumie kwa barua pepe. Mimi nilifanya hivyo na wale watu wa shirika, na baada ya simu tatu wakakubali 350,000. Si kila mteja atakubali. Wawili nimewapoteza kwa msimamo huu, na ninawakumbuka kila mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inapofika.

Lakini bei si chanzo pekee cha sentensi nene. Sisi wa Uganda tuna chanzo chetu, nacho ni woga.

Kiswahili kwetu kina historia nzito. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi, hasa wa Buganda, ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 2005 katiba ikarekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Karatasini kimepanda sana. Midomoni bado tunaomba radhi kabla hatujakitamka. Mganda akikutana na Mkenya au Mtanzania, neno lake la kwanza ni "Kiswahili changu kibovu, unisamehe". Akishika kalamu, woga ule ule unamvalisha suti. Anaazima maneno ya taarifa ya habari: "suala zima la", "katika kuhakikisha kwamba", "hali iliyopelekea". Anataka asichekwe. Matokeo yake hasikiki.

Nilipewa juzi kuhariri andiko la kijana mmoja mwenye kipaji, la afya ya watoto. Liliandikwa: "Kukosekana kwa uelewa miongoni mwa wazazi kuhusiana na umuhimu wa chanjo kumepelekea kuongezeka kwa visa vya surua." Nikampigia simu nikamwuliza, ungemweleza dada yako ungesemaje? Akajibu hapo hapo bila kufikiri: "Wazazi wengi hawajaambiwa chanjo inazuia nini, ndiyo maana watoto wanaugua surua." Nikamwambia andika hivyo hivyo. Kimya kikapita kwenye simu. Kisha akaniuliza, "Lakini dada, hawataona kwamba sijasoma?"

Swali hilo limenikaa. Kwa sababu angalia kilichotokea: ile sentensi yake ya mdomoni ina watu ndani yake. Kuna wazazi, kuna watoto, na kuna mtu ambaye alipaswa kuwaambia na hakuwaambia. Ile ya suti haina mtu hata mmoja anayefanya kitu. Kuna kukosekana, kuna kuongezeka, vitu vinaelea tu. Kiswahili ni lugha ya kitenzi. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli: "hawajaambiwa" ni neno moja, na limemaliza habari. Ukikigeuza kitenzi kuwa jina na kukizungushia "kwa", "wa" na "ya", umeing'oa injini ya lori ukaiweka kwenye kitanda cha mizigo.

Sisemi makosa yaachwe. Upatanisho wa ngeli ni udhaifu wetu wa kweli. Mtu anaandika "kitu mkubwa" na "gari yangu yote mbili" kwa sababu ndivyo anavyosikia stendi. Hilo lisahihishwe bila huruma. Tafuta mtu wa kukusomea, mlipane kwa zamu kama hamna pesa, soma magazeti ya Dar es Salaam na uyasome kwa kalamu. Mimi nilikaa na daftari la ngeli karibu miaka miwili. Ila usichanganye mambo mawili. Sarufi sahihi ni haki ya msomaji. Maneno mazito ni kinga ya mwandishi.

Njia inayonisaidia kuliko zote ni simu. Kabla sijaandika, narekodi sauti yangu nikimweleza mtu mmoja ninayemjua, mtu mwenye jina na uso, si "jamii" wala "walengwa". Nasikiliza, naandika nilichosema, kisha ndipo nashika sarufi. Rasimu ikikamilika naisoma kwa sauti. Mahali pumzi inapokatika, hapo sentensi ni ndefu. Mahali ulimi unapojikwaa, hapo kuna Kiingereza chini yake.

Siku hizi kuna jambo jipya. Mteja anakuletea maandishi yaliyotafsiriwa na programu, anakuambia "wewe yapige pasi tu", kwa theluthi ya bei. Mwaka jana nililetewa moja la mazingira lililowaambia wakulima wapande miti kwenye "benki ya mto", badala ya ukingo wa mto. Hilo angalau linaonekana. Yanayonitisha ni yale yasiyo na kosa la wazi, yanayoteleza vizuri, na ambayo ukiyasoma barazani yanakutana na kile kiganja cha mahindi. Kuyanyoosha kunachukua muda ule ule wa kuandika upya, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo natoza bei ya kuandika upya na ninasema hivyo mapema.

Mengine ya kazi hii nitayataja kwa haraka, kwa sababu yaliniumiza nikiwa siyajui. Usianze bila maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu unaotaja kazi, bei, tarehe na idadi ya marekebisho. Mimi natoa marekebisho mawili, la tatu linalipiwa. Chukua nusu mbele. Kuna ofisi moja iliyonizungusha miezi minne kwa sababu sikuchukua. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inampa haki aliyekuagiza kazi, isipokuwa mkataba useme vingine, kwa hiyo kama unataka kuitumia tena kazi yako, iseme kwenye mkataba kabla hujaandika. Na mlipaji aliyeteuliwa na mamlaka ya mapato akikukata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1, dai cheti chake. Ile ni kodi yako uliyokwisha kulipa, usiilipe mara ya pili.

Vile vipeperushi vilichapishwa mwanzoni mwa mwaka 2022. Nilipokwenda Malaba Pasaka ile, nilikuta kimoja kimebandikwa kwa gundi ya uji kwenye mlango wa stoo ya jirani yetu, na chini yake, kwenye dirisha, chupa ya soda yenye chumvi. Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyenianza, kabla hata sijaketi: "Cha maharage unaleta lini? Maharage yanapata wadudu, na hapa hakuna anayetuambia."