Almasi ya Mwadui kifuani kwa malkia

Kwenye picha za harusi ya Charles na Diana, Julai 1981, kila mtu hutazama gauni la bibi harusi na ule mkia wake uliofunika ngazi za kanisa. Mimi humtafuta mama mkwe. Malkia Elizabeth amevaa nguo ya buluu, na kifuani kuna ua la almasi nyeupe lenye jicho la rangi ya waridi katikati. Jicho lile lilitoka Mwadui, Shinyanga.

Nimevifuatilia vito vya familia ile kwa miaka mingi, na navipenda kwa dhati. Nilianzia kwenye mataji. Kizungu chake ni tiara, neno ambalo kwetu ni kishada, kile cha karatasi ambacho watoto hukirusha upepo ukivuma. Kwa hiyo nitasema taji, nikimaanisha lile la nusu duara linalovaliwa mbele ya nywele usiku wa dhifa, si lile zito la kutawazwa.

Ukitaka kuyaelewa mataji ya Elizabeth, anza na bibi yake, Malkia Mary. Alipoolewa mwaka 1893 mabinti wa Uingereza na Ireland walichangishana wakamnunulia taji la almasi, na fedha zilizobaki zikapelekwa kwa familia za mabaharia waliozama na manowari ya Victoria mwaka huohuo. Baadaye Mary aliziondoa lulu zilizokuwa juu ya taji hilo, akaweka almasi mahali pake. Lulu hakuzitupa drooni. Zilikwenda kwenye taji jingine, lile la mafundo ya mapenzi ambalo Diana alilivaa na sasa linavaliwa na Catherine, mke wa William. Na lile la mabinti Mary akampa mjukuu wake siku ya ndoa, mwaka 1947. Elizabeth aliliita taji la Bibi maisha yake yote.

Hivyo ndivyo alivyokuwa huyu bibi: anafumua, anapanga upya, lakini anajua kila punje ilikotoka na iliko sasa. Mali ya ukoo aliiorodhesha. Alikuwa mtu wa lebo na madaftari.

Kisa chake ninachokipenda kuliko vyote ni cha zumaridi. Mwanzoni mwa karne ya 19 bibi mzaa mama wa Mary, mke wa mwana mfalme mwenye cheo cha Duke wa Cambridge, alishinda sanduku la zumaridi katika bahati nasibu huko Ujerumani. Zikamfikia binti yake, kisha kaka yake Mary, Francis, ambaye hakuoa. Francis alipofariki mwaka 1910 watu wakagundua kwamba zumaridi za ukoo amemwachia kwa wosia mwanamke aliyesemekana kuwa mpenzi wake, naye ni mke wa mtu. Wosia ukafungwa kwa amri ya mahakama usisomwe na yeyote. Mary akazifuata zile zumaridi mpaka akazirudisha, na mwaka 1911 akazivaa Delhi mbele ya umati.

Zikaja kukutana na taji la Kirusi. Maria Pavlovna, mke wa Vladimir, ami yake mfalme wa mwisho wa Urusi, alikuwa na taji la duara 15 za almasi zilizopishana, kila duara ikining'inia lulu. Mapinduzi ya 1917 yalipotokea alikimbilia kusini, vito vikabaki kwenye jumba lake Petrograd. Rafiki yake Mwingereza aliingia humo kwa siri, akavitoa na kuvivusha hadi London. Maria alifia Ufaransa mwaka 1920. Binti yake, Elena, alirithi taji akiwa mkimbizi mwenye watoto watatu wa kike, na mwaka uliofuata alimuuzia Malkia Mary. Duara moja moja Mary akazitundikia zumaridi zile, ili taji livaliwe ama kwa lulu ama kwa zumaridi. Miaka 13 baada ya mauzo, binti wa Elena aliolewa na mtoto wa Mary, muuzaji na mnunuzi wakawa wakwe. Nikimtazama Elizabeth kwenye dhifa na taji lile, huwa namwona Elena siku anayolitoa mikononi mwake.

Haya yote tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Na ndiyo yanayonirudisha kwa bibi yangu mimi.

Bibi alikuwa na bangili nne za dhahabu ya karati 22, laini, zile zinazogongana mkono ukipepeta mchele. Ya juu kabisa ilikuwa na vibonyeo viwili vidogo ukingoni, vimekaribiana kama alama za kucha. Mama anasema ni vyake: alipokuwa anaota meno, alikuwa akibebwa huku anaing'ata bangili ya mamake. Ukipitisha kidole unavisikia. Bibi alipofariki, familia ilipeleka bangili tatu kwa sonara ziyeyushwe ziwe seti ya kisasa kwa binamu yangu aliyekuwa anaolewa: kidani, herini na pete, vyote vya kupendeza. Hiyo ya vibonyeo ilikuwa mojawapo ya zile tatu. Hakuna aliyeipiga picha. Hakuna aliyeuliza Bibi aliipata wapi, kwa nani, kwa mahari au kwa fedha za karafuu za babake. Sonara hakukosea, alifanya alichoagizwa. Sisi ndio tulioyeyusha habari pamoja na dhahabu, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo siwezi kumbeza Mary na madaftari yake. Ninachokipinga ni pale daftari linapoanzia. Ukoo wa kito, kwa namna unavyosimuliwa, huanza siku kinapofika mkononi mwa mtu mwenye jina. Kabla ya hapo ni kama kilidondoka kutoka mbinguni.

Tuchukue hilo ua la waridi. Maelezo yake ya kawaida ni mafupi na mazuri: John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua mgodi wa Mwadui mwaka 1940. Oktoba 1947 likapatikana jiwe la waridi lenye karati 54.5; kwa almasi, karati ni kipimo cha uzito. Alimzawadia binti mfalme aliyekuwa anakaribia kuolewa. Machi 1948 Elizabeth na bibi yake walikwenda kwenye karakana ya wakata almasi London kuliangalia likichongwa, mjukuu na bibi wameinama juu ya meza moja. Jiwe likatoka na karati 23.6, maana yake zaidi ya nusu yake ilikwenda kwenye unga na vipande. Mwaka 1953 nyumba ya masonara ya Cartier ikalitengenezea ua la almasi nyeupe zaidi ya 200, bua lake limepangwa almasi ndefu za pembe nne, majani ya almasi zilizochongoka kama mbegu za tikiti. Likawa bruchi, pini ya kupachika kifuani, na malkia akalivaa kwenye harusi ya mwanawe Charles.

Vizuri. Sasa rudi 1947. Tanganyika mwaka huo haikuwa koloni la Mwingereza. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Uingereza imekabidhiwa kuilinda na kuiendeleza kwa ajili ya wenyewe. Mswahili ana neno la kitu cha namna hiyo: amana. Na kutoka kwenye shimo lililochimbwa ndani ya amana, jiwe bora kabisa likaenda kuwa zawadi ya harusi nyumbani kwa mlezi wa amana. Kisheria lilikuwa mali ya Williamson, alitoa chake. Hilo silibishi. Lakini nani aliyelitoa udongoni? Mikono iliyobeba, iliyoosha, iliyochambua changarawe za Mwadui ilikuwa ya Wasukuma na wenzao waliokuja kutafuta kazi. Katika maelezo yote ya bruchi lile ninayoyasoma, anatajwa mwenye mgodi, anatajwa sonara, anatajwa mvaaji. Mchimbaji hana hata sentensi.

Na jina lenyewe linasema: kule linaitwa almasi ya Williamson. Kubwa zaidi, ile ya karati 3,106 iliyopatikana Transvaal, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1905 na vipande vyake kuwekwa kwenye fimbo na taji la wafalme, inaitwa Cullinan, kwa jina la mwenye kampuni ya mgodi. Kwa hiyo mimi nasema Almasi ya Mwadui, na nakuomba nawe useme hivyo, uandike hivyo, uwafundishe watoto hivyo. Zumaridi zile zinaitwa za Cambridge kwa sababu ya cheo cha waliozimiliki. Jiwe letu linastahili jina la kijiji lilikozaliwa.

Kuna watakaosema hayo ni ya zamani. Siyo. Oktoba 2022, mwezi mmoja tu baada ya Elizabeth kufariki, almasi ya waridi ya karati 11.15 iliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Waliipa jina la Williamson Pink Star, kwa heshima ya lile jiwe la malkia. Nayo ilitoka Mwadui vilevile: jiwe ghafi la karati 32.32, ambalo mgodi uliliuza mwaka mmoja kabla kwa dola milioni 13.8. Zilizobaki, zaidi ya dola milioni 40, zilizaliwa njiani, kwa kisu cha mkata almasi na kwa hadithi ya malkia. Hadithi ile ina bei, na sisi hatuandikwi ndani yake.

Mnada ulikuwa tarehe 7 Oktoba. Tarehe 7 Novemba ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka. Tope la kijivu likamwagika mashambani na kwenye nyumba za vijiji jirani. Nilizitazama picha za siku ile, paa za bati zikichungulia juu ya uji mzito, na nikafungua picha ya bruchi pembeni yake kwenye simu hiyohiyo. Ni udongo mmoja.

Simtaki Mfalme Charles alifungue kabati na kurudisha kila kitu kesho, ingawa mjadala wa kurudisha nauona wa haki na ungeanza na vitu vilivyotwaliwa kwa mtutu. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana mwaka huu. Bruchi lile lilionyeshwa Buckingham mwaka 2012, watu wakalipia kiingilio. Basi liazimwe, lije Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kisha lipelekwe Shinyanga, likae pale hata wiki mbili kwenye kioo chenye taa nzuri na walinzi wa kutosha. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kisukuma, yaanze na mwamba wa Mwadui na watu waliouchimba, ndipo yafike kwa Cartier. Wazee waliowahi kufanya kazi mgodini waingie wa kwanza, na pembeni akae mtu na kinasa sauti, kwa sababu mzee akiliona jiwe atakumbuka majina.

Mwezi uliopita nilimwomba Mama ile bangili ya nne, nikaipige picha tu. Nimeifungulia daftari la mistari, la shule. Ukurasa wa kwanza Mama alinisomea mwenyewe huku ameishika: uzito alioambiwa na sonara, mkono uliokuwa unaivaa, harusi zilizohudhuria. Chini yake ameniamuru niandike ile nyingine pia, iliyoyeyushwa, na vibonyeo vyake viwili, na kwamba meno yalikuwa ya juu.