Michigan wana barafu, sisi tuna halaiki. Tunachokosa ni chama

Kila nikituma nyumbani Tanga video ya binti yangu akiteleza kwenye barafu na wenzake, huku Michigan, Marekani, jibu huwa lile lile: "Wenzetu wamejaliwa." Nalikataa jibu hilo, na safari hii nataka kulikataa kwa kirefu. Barafu ni baridi na umeme tu. Kundi zima kugeuka kwa mpigo mmoja, mkono ukainuka pamoja na mkono, ni jambo ambalo pwani tumelifanya tangu enzi za bibi zetu.

Mchezo wenyewe, kuteleza kwa kundi kwa mwendo mmoja (synchronized skating), asili yake ni Michigan hapa hapa, mji wa Ann Arbor. Mwaka 1956 Richard Porter aliunda timu iliyoitwa Hockettes ili itumbuize watu wakati wa mapumziko ya mechi za hoki za chuo kikuu. Burudani hiyo ya mapumziko ilikua, na mwaka 2000 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia mjini Minneapolis. Team Surprise ya Sweden ndiyo iliyotwaa ubingwa. Timu za ngazi ya juu huingia na watelezaji 16. Ya binti yangu ni timu ya ridhaa, watoto wa mji mdogo wanaocheza kwa mapenzi, lakini maumbo ni yale yale ya mabingwa: duara, mstari, gurudumu, kupishana.

Gurudumu ndilo ninalopenda kuwaeleza watu wa nyumbani. Watoto wanashikana mabegani kwa mistari, na mistari yote inazunguka kitovu kimoja. Aliye karibu na kitovu anakaribia kusimama, wa ncha ya nje anakwenda mbio kwelikweli. Mstari ukipinda watazamaji humlaumu wa nje, kumbe mara nyingi wa ndani ndiye aliyeharakisha. Nani asiyelijua hilo kati ya waliocheza halaiki, yale maonyesho ya watoto wengi wa shule wakienda kwa mpigo mmoja, Uwanja wa Uhuru tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru? Mwalimu wa halaiki anayegeuza safu ya watoto hamsini juani anafanya hesabu ile ile, bila barafu na bila kipaza sauti cha maana.

Kupishana kunatisha zaidi. Mistari miwili inakujiana uso kwa uso kwa kasi, kila mtoto anapenya kwenye pengo la mstari wa pili huku akijigeuza. Mmoja akianguka, wenzake hawasimami, ila nafasi yake hawaizibi. Anainuka, anaikimbilia, anaikuta wazi. Hilo hufundishwa mazoezini kwa makusudi, na kwangu mimi ndilo somo kubwa kuliko yote wanayopewa pale.

Mdogo wake binti yangu yeye amechagua mchezo wa kuzungusha kifimbo (baton twirling). Ni kifimbo chembamba cha chuma chenye mpira ncha zote mbili, ncha moja nene kuliko nyingine, na urefu wake hupimwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Anakizungusha vidoleni, anakiviringisha kwenye kiwiko, anakirusha juu, anajizungusha mwili kikiwa hewani, kisha anakidaka. Kazi ngumu ni pale kundi linaporushiana: kila mtoto anatupa chake na kudaka cha mwenzake, kwa hiyo akizidisha kimo mmoja tu, mfuatano wote unavurugika. Kwenye onyesho la mwisho wa msimu hutandikiwa mikeka ya mpira juu ya barafu, nao wakacheza baada ya watelezaji. Bibi yao alipoiona video ile alinipigia simu akasema, "Mwanangu, hiyo ni lelemama."

Alisema kweli. Lelemama ni safu ya wanawake waliovaa sare, mikono ikienda pamoja kwa utulivu, na akikosea mmoja mji mzima unajua.

Sitaficha ubaya wa huku. Kiwanja cha barafu hukodishwa kwa saa, na saa za bei nafuu ni alfajiri, watu wengine wamelala. Viatu na vyuma vyake ni ghali, mguu wa mtoto haungoji. Kuna mavazi, kuna kocha, kuna safari za mashindano. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi wa wahamiaji hata mlangoni hawafiki, na hilo linaniuma kila nikikaa kwenye yale mabenchi baridi. Halaiki haimtozi mtoto ada. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkurugenzi wanasimama safu moja, fulana moja. Kwa hilo, watu wa nyumbani wamewashinda wenye barafu, na sioni aibu kulisema.

Ila halaiki yetu inangoja sherehe. Watoto wanakusanywa mashuleni, wanafanya mazoezi wiki kadhaa, wanacheza mbele ya Rais, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani, na imekwisha. Sherehe nyingine ikija wanaanza wengine upya. Ule ustadi unamwagika kila mwaka! Huku hakuna serikali inayoiita timu ya binti yangu. Kuna wazazi: mmoja katibu, mmoja mweka hazina, mmoja anashona shanga kwenye magauni, wengine wanauza tiketi na kuendesha magari. Msimu ukiisha chama kipo. Msichana aliyekuwa mdogo juzi leo anamshika mkono anayejifunza kusimama.

Na msiniambie hiyo ni tabia ya Wazungu. Vyama vya beni, ile ngoma ya kuiga bendi na gwaride la kijeshi, yaani Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare, michango na mazoezi ya gwaride huko Tanga na Dar es Salaam, tena enzi za ukoloni, na mwanachama akifiwa wenzake walimsimamia. Mombasa wanawake wa lelemama walikuwa na Ibinaal Watan na Banu Saada, wakishindana kwa mavazi na maandamano. Walijiendesha wenyewe. Pesa ilitoka mifukoni mwao na uamuzi ulitoka vikaoni mwao.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wazazi wa Tanga, na kwa sisi tulio nje. Chukueni shule moja yenye uwanja, Jumamosi asubuhi, na mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha halaiki. Mlipeni, kwa sababu mwalimu wa kujitolea huchoka. Vifimbo fundi wa chuma yeyote anaweza kuvitengeneza. Muziki ni matarumbeta yetu wenyewe. Muwe na daftari la michango, na mtoto asiye nacho asidaiwe. Sisi tulio ughaibuni, badala ya kutuma jezi mara moja na kupiga picha, tuchangie mshahara wa mwalimu huyo mwezi kwa mwezi. Mimi niko tayari kuanza, na dada zangu wawili wa huku wamekubali.