Zipu ya Mjomba

Mjomba wangu kakaa Uswidi miaka mingi, akarudi Goba, Dar es Salaam, na vitu viwili: koti zito la manyoya, na elimu ya kuotesha miche kwenye kitalu nyumba kisicho na hita. Koti lilikunjwa likawekwa kabatini. Elimu haikukunjika.

Elimu yenyewe, huko ilikotoka, haina kasoro. Uswidi mwezi wa 4 maji bado yanaganda usiku. Mkulima asiyetaka kulipia umeme wa hita anaanzishia nyanya na hoho dirishani sebuleni, maana mbegu ya nyanya chini ya nyuzi 10 haitoki. Kitaluni anapeleka wavumilivu: kabichi, spinachi, saladi. Saladi huchipua hata kwenye nyuzi 5, ila kwa kujivuta, wiki mbili hivi. Nailoni au kioo peke yake hakifui dafu mbele ya baridi ya alfajiri. Ndani na nje hupishana nyuzi mbili tatu tu. Ndiyo maana wanapanga mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, yanywe jua mchana na kulitema usiku, wanatandaza kitambaa cheupe chepesi juu ya trei, na ikifika saa kumi jioni wanaziba kila upenyo.

Mjomba aliyahamishia yote hayo Goba. Mwezi wa 2.

Mimi naotesha miche ya kuuza hapo hapo uani: trei za matundu 200, kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) iliyochanganywa na mboji, neti ya kivuli ya asilimia 50 juu ya mirunda, pembeni wazi upepo upite. Mjomba aliitazama neti yangu kwa huruma. "Mjomba, hii miche yako inalala nje kama mbuzi."

Ikashuka nailoni nzito ya mikroni 200, mlango wa zipu toka chini hadi juu, dirisha hakuna. Yakaja mapipa manne ya lita 200, meusi tii. Nikamuuliza, kwa adabu zote: usiku wa Februari Dar ni nyuzi 25, hilo joto tunamtunzia nani? Akasema joto halijawahi kumzidi mtu.

Niwatendee haki Waswidi: hata wao wanafungua. Siku ya jua mwezi wa 4, nje nyuzi 10, kitalu kilichozibwa hupita 30 kabla ya adhuhuri, kwa sababu jua linaingia, linachemsha udongo, na hewa ya moto haina pa kutokea. Nilipomdadisi mjomba taratibu, mambo yakajulikana. Kitalu alichosomea kilikuwa cha jirani yake, na yeye kazini alikuwa zamu ya mchana. Alikiona alfajiri akitoka na jioni akirudi. Kufunga anakujua vizuri mno. Kufungua hakuwahi kukushuhudia.

Siku ya tukio tuliingia saa saba mchana kukagua saladi, trei tano za mteja mwenye mgahawa. Mjomba, kwa mazoea, akavuta zipu nyuma yetu mpaka chini. Kipimajoto changu kinaishia 50, na mstari ulikuwa umefika mwisho umetulia. Kwenye saladi, hata jani moja. Udongo ukizidi nyuzi 30 mbegu ya saladi inajilalia, haifi, inasubiri. Unaiamsha kwa kuifunga kwenye kitambaa kibichi, unaiweka friji (siyo friza) siku moja au mbili, kisha unaipanda jioni juu juu, maana inapenda mwanga, na trei inakaa kivulini. Nyanya ndizo zilikuwa zimetoka, nazo zimelala chali: shina limekuwa uzi pale linapogusa udongo, majani bado ya kijani. Kinyausi. Kuvu huyo anapenda unyevu na hewa isiyotembea, na mjomba alikuwa amemfungia zipu.

"Tutoke," nikasema. Zipu ikapanda hadi magotini, ikagoma. Zipu za namna hii husafishwa kwa mswaki mkavu na kupakwa nta ya mshumaa. Mjomba aliipaka grisi, na grisi ikakusanya mchanga wote wa Goba.

"Nikate nailoni?" Wembe wa kubebeshea miembe ninao mfukoni.

"Nailoni ya pesa hii!" Shati limemganda mgongoni, miwani imejaa mvuke, na hayo maneno alikuwa anayaambia pipa akidhani ni mimi.

Tukasikia kengele. Kijana wa barafu na baiskeli yake akasimama, akawatazama watu wawili wanaopunga mikono ndani ya nailoni.

"Shikamooni, wazee. Mnauza nini humo?"

"Marahaba, mwanangu. Hebu vuta hiyo zipu."

Akavuta. Kichwa cha zipu kikabaki mkononi mwake. Akakigeuza, akakitia mfukoni. "Hii imekwisha, wazee. Barafu niwape ngapi? Za ukwaju zipo."

Mtu aliyeikimbia barafu ya Uswidi akameza mate. "Mbili," akasema, kisha akanigeukia. "Kata. Lakini kidogo, upana wa barafu tu."

Nikakata upana wa barafu. Zikapita. Na upepo nao ukapita, akausikia shavuni. "Ongeza kidogo." Nikaongeza. "Kidogo tena." Tukaendelea hivyo, kidogo kidogo, mpaka tumbo la mjomba likapata nafasi.

Mpasuko hatukuushona. Hewa ya moto hupanda, na kwa kuwa mjomba ni mrefu, ulifika karibu na paa. Nikapasua na upande wa pili upepo ukatize, nikabana neti ya wadudu inzi weupe wasiingie, juu nikarudisha neti ya kivuli. Mapipa yakatoka nje. Mama anaoshea vyombo maji yake ya moto. Saladi iliyopita friji ikachipua siku ya tatu.

Mteja alipofuata trei zake akauliza lile tundu lenye umbo la mtu mnene ni la nini. Mjomba hakupepesa.

"Ndivyo wanavyofanya Uswidi."