Mosel si Riesling peke yake

Asante kwa makala, ila mwandishi kasema bonde la mto Mosel, Ujerumani, linalima Riesling tu, ile zabibu nyeupe ya divai. Hapana. Riesling ndiyo nyingi, kweli, lakini panda na mto kuelekea mpaka wa Luxemburg, ardhi inageuka ya chokaa, na huko utaikuta Elbling, zabibu ya kale yenye uchachu wa kuamsha ulimi. Nayo isisahaulike.

Nilivuna Riesling, chini zaidi ya mto, Oktoba moja nikiwa mwanafunzi. Trekta haipiti, mteremko wa Calmont, pale kijiji cha Bremm, unafika nyuzi 65 hivi. Kila mzabibu umefungwa kwenye nguzo yake, matawi mawili yamekunjwa umbo la moyo, nawe unaishika nguzo ile usiporomoke. Chini ni vibamba vya mawe ya kijivu. Jua likishazama, ukivigusa bado vina joto, na joto hilo ndilo linaloisaidia Riesling kuiva kwenye baridi ile.

Inaniuma kuona miteremko ya namna hiyo ikiachwa iwe vichaka. Chupa ya divai yake ikiuzwa bei ya kutupa, anayebeba zabibu mgongoni atalipwa nini?