Betri ya Sodiamu na Siku za Mbalamwezi

Wengi wanaofuatilia utafiti wa betri wamekwisha kuihukumu betri ya sodiamu kwa kigezo kimoja tu, nacho ni uzito. Wanasema kwamba kilo moja ya seli ya lithiamu yenye fosfati ya chuma hubeba nishati ya wati-saa 160 au zaidi, ilhali seli nyingi za sodiamu zilizofika sokoni huwa kati ya 100 na 160, kwa hiyo fedha za utafiti zingeelekezwa kwingine. Kwa mtengenezaji wa magari hoja hiyo ina nguvu. Lakini mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga, mialo ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, aliyeacha karabai na sasa anawasha taa za LED juu ya kipe, chombo cha kuvulia dagaa, hatoki kwenye lithiamu. Anatoka kwenye betri ya risasi, ambayo kilo yake hubeba wati-saa 30 hadi 40, na akipewa sodiamu mzigo begani mwake utapungua hadi chini ya nusu.

Hata hivyo, uzito si shida yake kuu. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, na mwezi unapopevuka vipe hukaa nchi kavu siku kadhaa kwa kuwa taa haivuti tena. Usiku wa mwisho wa giza betri hurudi ufukweni tupu, na mwenyewe haoni sababu ya kulipia chaji ambayo hataitumia kesho. Hapo ndipo inapokufa. Salfeti ya risasi iliyotanda juu ya sahani wakati umeme ukitoka hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi. Nilimtazama fundi mmoja akifungua betri ya namna hiyo: sahani zilikuwa na utando mweupe, mfano wa chumvi iliyokaukia chunguni, na maji yake ya asidi yakamwagwa mchangani, hatua chache kutoka ziwani. Tukihesabu usiku 20 wa kazi kwa mwezi, betri inayostahimili mizunguko 300 ya kuchaji ingefika mwaka na zaidi. Mbalamwezi huikatiza hesabu hiyo kila mwezi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, betri iliyowekwa tupu ilikaa miezi mitatu mfululizo katika hali hiyo.

Hii ndiyo sifa ya sodiamu ambayo wakosoaji wake huipita haraka. Katika seli ya lithiamu, ncha hasi hukaa juu ya karatasi ya shaba, na volti ikishuka mno shaba hiyo huanza kuyeyuka na kuiharibu seli. Sodiamu haiungani na alumini kama lithiamu inavyofanya, kwa hiyo karatasi ya alumini hutosha kwa ncha zote mbili, na seli inaweza kushushwa hadi volti sifuri, ikahifadhiwa, kisha ikachajiwa upya. Sijui sifa nyingine ya maabara inayolingana hivi na desturi ya mwaloni.

Malighafi nayo ina uzito wake katika hoja hii. Sodiamu ya kiwandani huanzia kwenye chumvi na magadi, ndugu wa magadi tunayolainishia maharage, na chumvi imekuwa ikichemshwa Uvinza kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa ncha hasi, madini yetu ya kinywe (grafiti), kama yale ya Mahenge, hayaipokei sodiamu vizuri, hivyo watafiti hutumia kaboni ngumu inayopatikana kwa kuchoma vifuu vya nazi na mabaki mengine ya mimea pasipo hewa, kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Maganda ya mise, yaani kokwa za michikichi, ambayo Kigoma huishia jikoni kama kuni, yanastahili kupimwa kwa kazi hiyo. Sisemi kwamba Uvinza itazalisha betri kwa sababu ina chumvi, maana thamani kubwa iko katika ujuzi wa kutengeneza ncha chanya, na ujuzi huo kwa sasa uko zaidi China.

Upande wa pili haupaswi kudharauliwa. Bei ya kabonati ya lithiamu, iliyokaribia yuani 600,000 kwa tani mwishoni mwa 2022, iliporomoka chini ya robo yake katika muda wa miaka miwili, na pamoja nayo ikaporomoka sababu kuu ya wawekezaji kuikimbilia sodiamu. Kampuni ya Natron ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza betri za sodiamu, ilifunga shughuli zake Septemba 2025. Volti ya sodiamu pia hupanda na kushuka sana kati ya kujaa na kuisha, hivyo taa huhitaji kifaa cha kuituliza. Tena betri ya risasi iliyokufa ina mnunuzi wa chakavu, ilhali ya sodiamu haina madini ghali ya kutosha kumvutia mtu aifuate mpaka Kigoma.

Hoja hiyo ya chakavu ndiyo inayonisumbua kuliko ya bei, kwa kuwa bei hubadilika. Pamoja na hayo, naona kosa kuamua jambo hili kwa jedwali la wati-saa peke yake. Seli za sodiamu, za lithiamu na za risasi zingeachwa tupu pamoja mwaloni tangu mwisho wa giza hadi giza linalofuata, kwa mwaka mzima, kisha zipelekwe ziwani tuone ni ipi ingali inawasha taa mpaka alfajiri.