Pweza Hakuwa na Kosa

Kwetu Makorora, mwenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu, hupewa miiko kabla hajapewa dawa. Mimi nilikatazwa pweza, kamba na dagaa. Kumnyima mtu wa Tanga supu ya pweza, jamani! Nikatii miaka mitatu, viwiko vikawasha vilevile.

Mwaka jana binti wa dada yangu akaniwekea kwenye simu programu ya kufuatilia ukurutu. "Mama mdogo, jaza kila Ijumaa." Ina maswali saba kuhusu wiki iliyopita: siku ngapi ngozi imewasha, imekukatia usingizi, imetoka damu, imetoa majimaji, imepasuka, imebanduka, imekauka. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, kwa hiyo mwisho ni 28; alama zikizidi, hali ni mbaya zaidi. Kipimo chenyewe huitwa POEM, kilianzia Nottingham, Uingereza. Chini yake nikawa naandika nilichokula na kazi nilizofanya.

Baada ya miezi minne nikakaa barazani nikasoma. Wiki za pweza (nilishaanza kumla kwa siri, nakiri) alama 8, 9. Wiki za kufua mashuka kwa sabuni ya unga, 19. Na kaskazi ikipamba moto, jasho likituama kwenye mikunjo, silali. Daktari alipoiona, kwa mara ya kwanza hatukuanza na "tangu lini?" Tuliongea habari za sabuni.

Linaloniudhi ni jambo jingine. Programu hiyohiyo inataka nichague picha ya wekundu unaofanana na wangu. Wekundu gani? Ngozi nyeusi ukurutu ukichachamaa huwa zambarau, au kijivu, au inazidi weusi tu. Picha zote ni mikono ya Wazungu. Nikachagua iliyokaribia, ikanijibu hali ni nzuri. Usiku huo nilijikuna hadi shuka likaingia damu. Yale maswali saba hayagusi rangi hata kidogo, ndiyo maana ninayaamini.

Tena inanionya kuhusu chavua, lakini haiulizi kama unapaka mkorogo! Na krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, dawa za kutuliza ngozi iliyovimba, zilezile ambazo daktari huagiza zipakwe kidogo tu, kwa kipimo cha urefu wa ncha ya kidole. Aliyetengeneza hakuwahi kupita kwenye duka la vipodozi la Ngamiani.

Ijumaa hii nimepata 6. Glavu za kufulia zimeanikwa uani, na jioni nina miadi na muuza supu.